Kusindikiza Mpaka Njia Panda

Mimi kazi yangu ni mafaili. Miaka kumi na tisa nimekaa kati ya makabati ya chuma, na ukitaka faili la mtu fulani nitakutolea nimefumba macho. Ofisi yetu ya ustawi wa jamii ina vyumba vinne, feni moja inayozunguka ikijisikia, na pazia la bluu ambalo jua limelilamba mpaka likafanana na maziwa. Alasiri, upepo ukilisukuma, mwanga wake hutambaa mezani taratibu, na hata waliokuja na ugomvi hunyamaza wakautazama. Usiniulize kwa nini. Ofisi ile ina usingizi wake.

Humo ndimo nilimomjua afisa niliyempachika jina la Polepole. Nilimpachika kwa hasira, sifichi. Alikuwa binti mwembamba, viatu vimelika kisigino upande mmoja, na alikuwa na desturi iliyonikera kuliko zote. Mteja akimaliza maongezi, yeye alimsindikiza. Si mpaka mlangoni, la hasha, mpaka njia panda, pale penye fundi baiskeli, dakika kumi kwenda na kumi kurudi. Faili liko wazi, watu watano wako kwenye benchi, mwenzangu kaenda kutembea.

Akirudi ananiambia haraka haraka haina baraka, shangazi. Namjibu ngoja ngoja huumiza matumbo, na benchi zima linaniunga mkono.

Siku moja alinieleza. Ofisini, alisema, mtu hutoa maneno aliyokuja nayo tayari. La moyoni hutoka akishaaga, akishashika begi lake. Basi yeye ameamua kuurefusha ule muda wa kuaga. Nikamwambia hizo ni hekima za mtu asiyepanga mafaili. Lakini nilikuwa nasoma alichoandika baada ya matembezi yale, na nilikubali kwa shingo upande. Nilizoea kusimama dirishani nikiwatazama wakienda, watu wawili kwenye barabara nyeupe ya jua, wanapungua, wanapungua, mpaka huwezi kujua yupi afisa na yupi mwenye shida.

Ndipo akaja yule fundi cherehani.

Alikuwa mama wa binti wa miaka sita, sote tukimwita Kidoti kwa alama nyeusi juu ya mdomo wake. Mumewe alifariki ghafla, na baada ya mazishi fundi akalala. Si kulala kwetu mimi na wewe. Alisema alikuwa anaisikia dunia kwa mbali, kama redio ya nyumba ya tatu: bomba linachuruzika, mtoto anaita, na kila kitu kinamfikia kimechelewa. Kidoti akaonekana sokoni peke yake mara tatu, ana njaa. Akachukuliwa, akapelekwa makao ya watoto. Kamati ya watoto, inayoamua mambo kama hayo, ikampa mama miezi mitatu aonyeshe kwamba anaweza kumlea, la sivyo mtoto atatafutiwa familia nyingine moja kwa moja.

Siku ya kwanza Polepole hakumuuliza kitu. Aliweka viti viwili ubavu kwa ubavu, vikitazama dirisha, akaigeuza fomu kifudifudi. Wakakaa. Nikadhani wote wawili wamesinzia. Mwishowe fundi akasema upindo wa lile pazia umeshonwa kinyume. Basi, hilo tu, na wakatoka kwenda njia panda.

Polepole aliporudi aliandika sentensi moja, alivyoambiwa: "Naogopa mtoto akirudi, nitalala tena."

Wiki zilizofuata wakapanga. Mpango ulikuwa na mambo manne, yote kwa maneno ya fundi mwenyewe: ataenda kliniki kila wiki, atamtembelea Kidoti kila Jumamosi, ataomba nafasi shuleni, ataelewana na dada yake amshikie mtoto siku akizidiwa. Huyo dada walikuwa hawasemezani tangu msibani. Akatia sahihi.

Na hapo, jamani, ndipo Polepole alipokuwa Mbiombio. Sijui kilimwingia nini. Nadhani alimpenda yule mama, na kupenda kunaharibu kazi kama hujihadhari. Alimwamsha asubuhi akampeleka kliniki, akamsubiri, akamrudisha. Jumamosi akawa anampitia wakaenda makao pamoja, na mtoto akizungumza, ni Polepole aliyemjibu. Shuleni alikwenda mwenyewe, na mwalimu mkuu akakubali. Kwa dada mtu alikwenda mwenyewe pia, akamlainisha. Kila jambo likitimia anatia alama ya vema. Mimi nikaona alama zile zimepangana vizuri na nikafurahi. Napenda faili safi. Dhambi yangu naisema.

Siku ya kamati, niliingia kubeba faili, kwa hiyo niliona. Walikaa watu watatu, na mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, miwani inaning'inia kwa kamba. Akamuuliza fundi, kwa upole kabisa, mwalimu atakayempokea mtoto ni nani. Fundi akamtazama Polepole. Polepole akajibu. Akamuuliza dada yake alisema nini alipoombwa. Fundi akamtazama Polepole tena, na Polepole akajibu tena.

Mwenyekiti akavua miwani. "Afisa," akasema, "anayemtaka mtoto huyu nyumbani ni wewe au mama yake?"

Nilitamani sakafu inimeze, na halikuwa hata kosa langu. Wakatoa wiki sita. Wakasema hazitaongezwa.

Polepole alirudi akakaa chini kati ya makabati yangu, akalia. Sikumbembeleza. Nilimwambia wahenga wanasema mbebwa hujikaza, lakini wewe, mwanangu, ulimbeba mtu amelala, angejikazaje? Kisha nikampa leso yangu, maana sina moyo wa jiwe.

Kesho yake alimwomba fundi radhi, mbele yangu. Alisema, "Nilikunyang'anya kazi yako." Halafu akachukua kalamu nyekundu akafuta alama zote za vema, moja baada ya nyingine. Faili likachafuka, roho ikaniuma.

Wakaanza upya. Safari hii, popote fundi alipokwenda, Polepole alikuwa anafika getini tu. Siku ya kwanza ya kwenda shuleni kumwona mwalimu, fundi alisimama nje nusu saa akarudi nyumbani bila kuingia. Polepole alikuwa amekaa kwenye jiwe upande wa pili wa barabara, wala hakuinuka. Siku ya pili fundi akaingia, akatoka na jina la mwalimu limeandikwa kwenye kiganja. Kwa dada yake alikwenda peke yake kabisa. Yeye mwenyewe alituhadithia: dada alimfokea kwanza, akamwaga yote yaliyomkaa rohoni, sauti ikamkauka, ndipo akabandika maji ya chai. Fundi alihadithia akicheka, na sikuwahi kukisikia kicheko chake kabla ya hapo.

Wiki sita zikaisha. Chumba kilekile, watu walewale watatu. Fundi akamtaja mwalimu wa darasa. Akasema dada yake alivyomjibu, na matusi yake, mpaka mjumbe mmoja akaziba mdomo asicheke. Polepole alikuwa amekalia mikono yake miwili, nadhani kwa kuogopa itamsaidia fundi kuzungumza. Mwenyekiti akauliza lile lile tulilokuwa tukiliogopa sote.

"Na ukilala tena?"

Fundi hakumtazama mtu mwingine yeyote.

"Naweza kulala tena," akasema. "Lakini Kidoti anajua kwa mama yake mkubwa, ni mlango wa tatu kutoka kwetu. Na dada ana ufunguo wangu. Nimempa kwa mkono wangu."

Kidoti akarudi nyumbani Ijumaa ile.

Miezi mitatu baadaye walikuja kwa mara ya mwisho, kufunga faili. Fundi aliingia, akasimama kwenye kiti, akalitungua pazia bila kuomba ruhusa ya mtu. Akaushona upindo upya kwa mkono huku wakizungumza, Kidoti akimshikia kitambaa. Lilipotundikwa tena mwanga ukaja ule ule wa maziwa, ukatambaa mezani, na sote tukanyamaza kama kawaida yetu.

Walipoaga, Polepole akainuka kusindikiza. Nami siku hiyo nikaacha makabati nikawafuata. Tulifika getini tu. Fundi akasimama, akamshika Polepole mkono.

"Rudi, dada," akamwambia. "Hapa panatosha. Njia naijua."

Tukabaki tumesimama. Walikwenda kwenye jua, mama na mwana, wakapungua. Kidoti aligeuka akatupungia mkono. Mama yake hakugeuka.

Polepole alilia tena, lakini safari hii aliandika huku akilia: limefungwa. Nikalichukua, na wekundu wake wote, nikalipeleka kabatini. Ndilo faili chafu kuliko yote niliyonayo, na kila nikipangusa vumbi hulifungua kidogo.