Sahani Aliyoimaliza Asukile

Wapo watu wa Bulyaga na Makandana, hapa Tukuyu, wanaosimulia hadi leo kwamba marehemu mume wangu, Asukile, alinipora sahani ya chakula mbele ya ukoo wake kule Suma, na kwamba nyumbani alikuwa akininyima kula mpaka nikabaki mifupa. Maneno hayo sasa yamefika kwa wajukuu wangu. Kwa hiyo nayaandika yalivyokuwa. Ile sahani aliila, ni kweli. Mengine yote ni uongo, na shahidi ni mimi niliyekuwa nimekaa mbele ya sahani hiyo.

Asukile alizaliwa Suma, akalelewa na shangazi yake, Ikupa, baada ya mama yake kufariki. Alikuwa fundi katika kiwanda cha chai, upande wa mashine za kukaushia majani, nami nilikuwa mwalimu wa Jiografia. Miaka ile ya foleni, sukari ilipokuwa adimu kuliko dawa, alikuwa akienda Mbeya na kurudi na kilo moja ameificha ndani ya koti. Hakuionja. Aliiweka mezani na kusema, "Mama Tulia, kunywa chai kama mke wa mtu." Ndivyo alivyojua kupenda, na sikuwahi kumlaumu.

Biashara ilipofunguliwa na kiwanda kikapunguza watu, alichukua mafao yake akafungua duka Bulyaga. Sukari ikajaa kwa magunia, mchele wa Kyela, unga wa ngano, soda, biskuti za kutoka nje. Jioni alisimama mlangoni akiyatazama magunia yake kama mfugaji anavyotazama ng'ombe wakirudi zizini. Mimi nikanenepa. Akafurahi, maana unene wangu ulikuwa bango la duka.

Kisha kidonda kidogo mguuni kikakataa kupona. Daktari alinipima akaniambia nina kisukari, nipunguze vyakula vya wanga na sukari, tena haraka, kwa ajili ya mguu ule. Hakuhitaji kunieleza zaidi. Mama yangu mzazi alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo, nami ndiye niliyekuwa nikimshika bega alipojifunza kutembea na magongo.

Nikaacha ndizi. Anayetoka Rungwe anajua uzito wa maneno hayo mawili. Nikaacha ndizi, ugali, wali, viazi, mkate na sukari. Nikabaki na mayai, nyama, maziwa mgando kidogo, mboga za majani na maparachichi, ambayo wakati ule tulikuwa tukiyaokota chini ya miti kama mawe. Baadaye nikaongeza kufunga: siku mbili, mara nyingine tatu, kwa maji na chai ya rangi tupu, huku nikienda kupimwa mara kwa mara kama daktari alivyotaka. Nilimwomba Asukile jambo moja tu, asimwambie mtu yeyote kwamba ninaumwa. Miaka ile mtu akikonda alipewa jina la ugonjwa mmoja tu, na sikutaka jina langu wala lake lipite kwenye midomo ya sokoni.

Aliahidi, kisha akaanza vita.

"Mke wa muuza sukari hanywi sukari," alisema. "Wateja watafikiri nimechanganya na mchanga."

"Waambie nimechoka na utamu."

"Utamu hauchoshi, Mama Tulia. Kinachochosha ni ubishi."

Siku zangu za kufunga ndizo alizochagua kuleta mkate wa moto, akaukatia mezani mbele yangu polepole, huku akiimba wimbo wa kanisani. Siku moja alinitilia sukari kwenye chai kwa siri. Nilionja nikaimwaga nje, kwenye mgomba. Akasema, "Angalau huo mgomba una akili." Akamwita na mchungaji anishauri. Mchungaji alikuta maandazi mezani, akaniuliza ninafunga kwa ajili gani, nikamjibu ni kati yangu na Mungu. Alisema hapo hana la kuongeza, akamalizia maandazi. Asukile hakumwalika tena.

Hivyo ndivyo tulivyoishi: yeye akipinga, mimi nikifunga, na tukilala kitanda kimoja kwa amani. Asiseme mtu kwamba nyumba ile haikuwa na furaha.

Sasa nije kwenye Suma. Shangazi Ikupa alikuwa amemaliza kujenga nyumba ya bati, akaita ukoo wote kwa ibada ya shukrani. Iliangukia katikati ya siku zangu za kufunga, na kidonda kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza kufunga mdomo. Niliona nikivunja mfungo wakati ule nitakuwa nimeurudisha mguu wangu kwa daktari. Nikajiambia, ikibidi sana, nitakula nyama peke yake. Hapo ndipo nilipokosea, nami mwalimu mzima. Shangazi alipika mbalaga, ndizi na nyama zilizopondeka pamoja mpaka hujui kipi ni kipi, na kuchagua nyama kwenye sahani ya watu wengi ni tabia ya mtoto ambaye hakufunzwa.

Wanaume walikuwa upande wao wa uwanja, sisi wanawake tulikuwa mkekani. Mikono yote iliingia kwenye sahani isipokuwa wangu.

"Mama Tulia," shangazi aliita, "mkono umekufa ganzi?"

"Hapana, shangazi. Nimeshiba."

"Umeshiba nini, na gari ndiyo kwanza limekushusha? Umeshiba ukungu wa Tukuyu?"

Wanawake wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini Elina, wifi yangu, hakujua kunyamaza. "Shangazi, hata kwake hali. Nimelala kwao juzi, sikumwona akitia kitu mdomoni. Labda anatuogopa sisi watu wa Suma."

Kicheko kikakatika. Kwetu, mgeni akikataa chakula cha mwenye nyumba, amesema neno zito bila kufungua mdomo. Amesema kuna kitu ndani.

Shangazi aliinamisha kichwa. "Nimeanza kupika tangu alfajiri," alisema taratibu. "Nimekuwekea nini humo, binti yangu?"

Nilitazama ile sahani. Nikanyoosha mkono. Nilikuwa tayari kula, Mungu anajua.

Asukile alikuwa ameshasimama. Rafiki yake Amoni alimpigia kelele, "Wewe, huko ni kwa wanawake!"

"Najua. Mke wangu naye ni mwanamke."

Alikuja na suti yake ya Jumapili, akaketi mkekani kati yangu na Elina, akaivuta sahani kwake. Wanawake walijisogeza wakishika vinywa. Mwanaume anayekula mkekani kwa wanawake ni kichekesho cha mwaka mzima.

"Shangazi," alisema, mdomo umeshajaa, "mimi mkono wako nimeula tangu sijaota meno. Huyu anafunga. Nimemkataza, amenishinda, na nikirudi nyumbani nitamkataza tena. Lakini sahani yako hairudi jikoni na kitu."

Alikula mpaka akapangusa sahani kwa kidole. Shangazi akaanza kucheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Nilidhani nimemlea mwanaume, kumbe nimelea shimo. Mleteeni mwalimu maji ya kunywa."

Niliyanywa maji yote mbele yake, naye akanishika mkono. Mambo yakaishia hapo, pale mkekani. Waliokuwa mbali waliona tu mwanaume mnene akimnyang'anya sahani mke aliyekonda, na wiki iliyofuata sokoni walikuwa na hadithi kamili. Asukile aliisikia dukani kwake mwenyewe, akipima sukari. Angeweza kuikata kwa maneno mawili, "anaumwa kisukari." Hakuyasema. Alimjibu mteja, "Ndiyo, mimi mlafi. Nikuongezee na unga?" Aliitwa mlafi hadi anaingia kaburini, kwa sababu ya ahadi niliyomwomba mimi. Siri ile ilikuwa yangu, na leo nimeitoa mwenyewe.

Kidonda kilipona kabla ya chai mpya kuchumwa. Daktari aliridhika, na hadi leo navaa viatu viwili. Asukile hakuwahi kukubali. Hata kwenye uzee wetu mkate wa moto ulikuja mezani siku za kufunga, na wimbo uleule.

Jioni ile tuliporudi kutoka Suma tulipanda nyuma ya pikapu, juu ya mikungu ya ndizi aliyotupatia shangazi. Ukungu ulikuwa umeshuka, naye alinifunika kwa koti lake lile la kuficha sukari, akaniambia jambo moja sikioni. Elina ameniuliza mara nyingi lilikuwa jambo gani. Tulia, binti yangu, ameniuliza. Nimewajibu kama ninavyokujibu wewe unayesoma: sisemi.