Mfalme wa Kisima

Baba yangu aliamini kwamba Mfalme Daudi alikuwa Mmaasai, na hakusema hivyo kwa mzaha. Ushahidi alikuwa nao: mtu alichunga kondoo wa baba yake, aliua simba bila bunduki, alioa wake wengi, na alipoletewa kesi alikaa akaisikiliza mpaka mwisho. "Ni vile tu Biblia haikuandika," alituambia kila jioni baada ya chakula, kidole kikiwa juu ya mstari ili asipoteze mahali. Sisi watoto tulikubali. Katika boma letu, upande wa Mashuuru, kukubaliana na baba ndiyo iliyokuwa njia ya mkato ya kwenda kulala.

Alimpenda Daudi jinsi mtu anavyompenda binamu mwenye makosa mengi ambaye harusi haiwezi kufanyika bila yeye. Tulipofika pale Daudi alipomchukua mke wa Uria na kumpangia mumewe kifo, alisoma mbio mbio kama mtu anayevuka barabara. Mama, akitunga shanga zake, aliuliza bila kuinua macho, "Na bwana ya huyo mama alienda wapi?"

"Alikufa vita," baba alijibu, akafunua ukurasa.

"Vita," mama alirudia. Kisha akaichoma shanga iliyofuata kama aliyekuwa na kesi nayo.

Ufalme wa baba mwenyewe ulikuwa kisima. Kilichimbwa na wafadhili nikiwa shule ya msingi, tangi likasimamishwa juu ya vyuma virefu, na baba akachaguliwa mwenyekiti wa kamati. Ukiona hicho ni cheo kidogo, hujawahi kukaa Kajiado wakati wa kiangazi. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa na ufunguo wa pampu. Ndiye aliyeamua ng'ombe wa nani wanywe asubuhi na wa nani wangoje jua liwe utosini. Watu walimletea hata kesi zisizohusu maji, za mipaka, za mahari, za mbuzi aliyekula nguo kwenye kamba, naye alizisikiliza kwenye kiti chake cha plastiki, fimbo ikiwa mapajani. Sidhani Yerusalemu kulikuwa na heshima kuliko ile.

Aliyemnyang'anya ufalme huo alikuwa kaka yangu, kifungua mimba wake. Kaka alikuwa amemaliza chuo, amefungua duka la dawa za mifugo Kitengela na kuoa msichana wa Kiambu. Siku hizo alianza kuja nyumbani kila Jumamosi, akaegesha pikapu karibu na mfereji wa kisima, akawa anawasalimia akina mama waliopanga mitungi.

"Mama, umengoja tangu saa ngapi?"

"Tangu giza, kijana yangu."

"Pole sana. Shida yako ni ya ukweli kabisa, lakini nani atakuskiza? Mzee amechoka. Ingekuwa ni mimi, saa hii ungekuwa umefika nyumbani."

Halafu aliwabebea mitungi mpaka kwenye punda, akawashika watoto wao mashavu. Mtu yeyote aliyeisoma habari ya Absalomu, yule mwana wa Daudi aliyekaa langoni akiwapoka watu mioyo, angejua kinachoendelea. Na aliyeisoma kuliko sisi sote alikuwa baba. Ila baba alipojitafuta ndani ya kitabu kile, alijiona siku zote akiwa yule kijana mwenye kombeo. Kwamba Daudi naye huzeeka, na kwamba kurasa za uzee wake ni nyingi, hilo aliliacha lipite.

Siku ya uchaguzi watu walipiga mlolongo, kila mmoja nyuma ya mtu wake. Mlolongo wa kaka ulifika kwenye miti ya migunga ukakunja kona. Nyuma ya baba tulikuwa mama, mimi, wazee wachache wa rika lake, na mlevi mmoja ambaye baadaye alituomba radhi kwamba alikuwa amekosea mstari. Baba alitoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya kiti cha plastiki, akaenda nyumbani kwa miguu. Jioni ile Biblia haikufunguliwa. Alisema tu kwamba mtoto huyo asikanyage boma lake.

Kaka aliumia, hata kama ndiye aliyeshinda. Alidhani mzee angenuna juma moja, kisha wangekunywa chai na kucheka. Wanaume wa nyumba yetu hufikiri hasira ya mwenzao ni kama mvua ya Kitengela: inapiga kelele kwenye mabati, halafu inaisha hata matope hayajashika viatu. Hasira ya baba haikuwa ya mabati. Kaka alizaa mtoto wa pili, akazaa wa tatu, na baba hakuwa amewaona.

Mama ndiye aliyekosa usingizi. Mwanawe wa kwanza alikuwa mwendo mfupi tu kutoka kwake, na ilimbidi amwone kwa kujificha, sokoni, kama mchumba. Basi akaamua kumpiga baba kwa silaha ya baba mwenyewe. Kwenye kitabu, Absalomu akiwa ukimbizini kwa kumuua ndugu yake, jemadari Yoabu alimtuma mwanamke mwerevu aende kwa mfalme na kesi ya kubuni, kwamba ana wana wawili, mmoja amemuua mwenzake, na ukoo unataka kumwangamiza aliyebaki. Mfalme akimhurumia mtoto wa mwanamke, atakuwa amejihukumu kuhusu mtoto wake mwenyewe. Kwa mpangilio, Biblia ilianza na upatanisho huo ikaja kwenye uasi. Sisi tulikuwa tumeanza na uasi, lakini mama alisema Mungu hawezi kukasirikia jambo dogo kama hilo.

Mwanamke mwerevu alipatikana Mashuuru. Alikuwa wa kwaya, rafiki wa mama, na alikuwa na kipawa cha kulia wakati wowote, kwenye matanga ya mtu yeyote. Nilikuwa nyumbani siku alipokuja, na ni mimi niliyemimina chai. Mama alijibanza nyuma ya mlango wa jikoni.

Sasa, kwetu mgeni haanzi na shida. Kwanza tunakula habari. Anaketi, anasalimiwa, kisha anaeleza nyumba yake yote, mtu kwa mtu, mnyama kwa mnyama, na mwenyeji anaitikia kila kipande. Hata mtu anayekimbia moto atakuambia kwanza hali ya ndama wake.

"Takuenya," baba akamsalimia kwa Kimaasai.

"Iko."

"Watoto wako aje?"

"Wasichana wako salama wote. Yule mkubwa amejifungua, huyu wa mwisho bado ako shule."

"Hao ndio wote?"

"Ni hao tu, mzee. Mungu alininyima kijana, lakini hao wasichana wananitosha."

Wakaenda kwa ng'ombe, wakaenda kwa mbuzi, wakafika kwa mvua. Habari zilipokwisha, mgeni akaweka kikombe chini, akajifunika uso kwa leso, na machozi yakaja kama alivyoahidi.

"Mzee, nisaidie. Niko na vijana wawili..."

Nyuma ya mlango kitu kilianguka, nadhani ni sufuria. Mimi nilikazana kuitazama thamosi. Baba hakumkatiza. Alimwacha asimulie jinsi vijana wake walivyogombana malishoni bila mtu wa kuwaamua, jinsi rungu lilivyorushwa, jinsi ukoo unavyotaka kumfukuza yule aliyebaki, na jinsi moto wa nyumba yake utakavyozimika. Alisimulia vizuri sana. Hata mimi niliyejua ukweli nilianza kuwahurumia vijana wale.

Baba alimeza chai. "Hao vijana wawili," akasema, "umewazaa saa ngapi? Tangu tuanze kikombe ya kwanza?"

Mwanamke akashusha leso.

"Ni mama ya hawa watoto amekutuma?"

"Ni yeye, mzee."

"Mwambie nimeskia. Na mwambie alete chai ingine."

Sijamwona baba akiwa na furaha kama siku ile. Maisha yake yote alikuwa amemsoma mfalme, na sasa watu walikuwa wamekuja kumfanyia ufalme sebuleni kwake, na hila yenyewe ikiwemo. Hata swali la nani aliyemtuma mwanamke lilikuwa la Daudi. Mama akatoka nyuma ya mlango akipangusa mikono ambayo haikuwa na maji, na baba akatoa hukumu karibu neno kwa neno kama ilivyoandikwa. "Huyo kijana arudi kwa mama yake. Lakini uso wangu asiuone."

"Hapo Daudi alikosea," mama akasema.

"Alikosea pahali mingi." Ilikuwa mara ya kwanza kukiri. "Lakini si mimi wa kumsahihisha."

Hivyo ndivyo tulivyoishi, na aliyetaka kucheka alicheka. Gari la kaka liliposikika kwenye kona, baba aligeuza kiti chake kuelekea milimani. Kaka aliwaachilia watoto wake wakapate baraka ya babu yao, akaingia, akamsalimia mama, akanywa chai, akaongea kwa sauti kubwa kidogo kuhusu pampu ya kisima iliyomsumbua, na mgongo wa baba ulisikiliza kila neno. Kiangazi kibaya kilipokuja, kaka alituma lori la nyasi. Baba aliwalisha ng'ombe na hakuuliza zimetoka wapi. Nyasi hazina uso. Kaka naye alifanya utani na mama: Absalomu alipochoka kungoja alilichoma shamba la Yoabu ndipo akaitwa na mfalme, sasa yeye achome nini?

"Jaribu kuchoma hata kijiti moja hapa," mama akamwambia, "utajua Yoabu ni nani."

Niliwakasirikia wote wawili, na bado nikikumbuka nakasirika. Mmoja alikuwa amejifanya kitabu. Mwingine alikuwa na midomo ya kuwaomba akina mama wote wa Kajiado kura, lakini neno moja la kumwomba baba yake msamaha lilimkwama kooni. Na katikati yao mama akizidi kukonda, akiwapimia chai watu wawili kwenye boma moja kama walio nchi mbili.

Kisha baba akaugua tumbo. Daktari wa Kajiado alisema lazima apasuliwe, na akamwangalia mama, si baba, aliposema kwamba kwa umri ule hakuna ahadi. Mama alirudi nyumbani akiwa ameshika mkono wangu kwa nguvu. Hakuogopa kifo cha mumewe kama alivyoogopa kifo hicho kikitangulia upatanisho. "Akienda hivi," aliniambia, "huyu kijana atazika mgongo."

Mwenye gari alikuwa kaka. Baba alikubali kubebwa, kwa masharti: atakaa nyuma, na aliuliza kama kile kioo cha dereva kinaweza kugeuzwa. Kaka akasema kinaweza.

Asubuhi ya safari wajukuu wote waliletwa wabarikiwe. Kwetu mtoto hampi mkubwa mkono. Anainamisha kichwa, na mkubwa anaweka kiganja juu yake. Ukishatahiriwa ukawa mwanamume, kuinama kumekwisha: unanyoosha mkono, na mwanamume mzima akiinama kama mtoto, hata watoto wataona aibu kwa niaba yake. Baba aliketi kwenye kiti, shuka mabegani, macho yakiwa milimani kwa sababu gari la kaka lilikuwa uani. Watoto wakapita. Kiganja kilishuka juu ya kila kichwa, naye akakitaja kichwa hicho ni cha nani bila kukitazama, maana alivijua vyote.

Wa mwisho alikuwa binti mdogo wa kaka. Alipoondoka, kaka akapiga magoti pale alipokuwa amesimama mtoto wake. Mwenyekiti wa kisima, mtu wa suti na simu mbili, aliinamisha kichwa mbele ya wanawake, wazee, na watoto wake mwenyewe. Mama alishika nguzo ya mlango.

Kiganja kikashuka. Baba alifungua mdomo ataje jina, akaufunga. Vidole vilitembea juu ya kichwa kile polepole, vikatafuta, vikarudi. Hapakuwa na nywele. Palikuwa na ngozi tupu, pana, yenye joto la jua, na nywele kidogo tu pembeni. Kila mtu pale alijua habari ya nywele za Absalomu, nyingi hata zikapimwa kwa mizani, na hakuna aliyethubutu kumwangalia mwenzake.

"Hii upara," baba akasema, macho bado milimani, "ilianza lini?"

"Kitambo, Papa."

"Kitambo." Mkono haukuondoka. Mimi nikaanza kulia bila leso. "Na hakuna mtu aliniambia."

Mama alikuwa na jibu la hilo. Lilimfika mpaka kwenye midomo, nikaliona, akalimeza.

Kisha kiganja kikateremka kutoka utosini, kikapita sikio, kikashika kidevu na kukiinua. Baba akageuza shingo yake na kutazama, kwa muda mrefu.

"Umezeeka," akamwambia mwanawe, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.