Tumbo la Waya

Tap.

Kimya.

Tap.

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, mvua inanyesha, nami niko macho nikisikiliza kitu kikigonga sebuleni kama kidole cha mtu.

Nilifunga chumba kwa ufunguo, nikaomba. Kulipokucha, kamera zilikuwa zimezima. Tena.

Mimi ni nyanya wa miaka sabini na mbili. Naishi Mutuini, ploti moja na wapangaji wangu. Kuku wangu walipoibiwa, binti yangu Jackie alimleta fundi kutoka Ngara, Haron, aniwekee kamera.

Haron alivuta waya mweusi kutoka getini, akaupitisha chini ya paa, akauingiza sebuleni kwa tundu la ukutani hadi kwenye kisanduku cha kuweka picha. Kijana wa heshima. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Nilimpakulia githeri. Alipomaliza nikataka kumwongeza.

"Zii, Shosho, nimeshiba! Na hiyo tumbo wachana nayo. Usiikaze."

Nikacheka. Nilijua anasema tumbo lake.

Alipoondoka, nikaona waya umening'inia nje, karibu na tundu, kama kamba ya nguo iliyochoka. Vijana wa siku hizi! Kazi nusu nusu. Nikapanda kiti, nikauvuta ukakazana, nikaufunga kwenye msumari.

Kesho yake umelegea. Nikaukaza.

Keshokutwa umelegea tena. Nikaulaumu upepo.

Mvua zikaanza, na kamera zikawa zinazima. Ndipo Jackie, anayeona picha kwenye simu yake, akanipigia.

"Mum, nimempata. Picha ya mwisho kabla kamera zizime ni mkono wa Zedekiah. Ameshika waya."

Zedekiah! Mpangaji wa nyumba ya mwisho. Kazi yake ni kufunga mifereji ya maji ya mvua, na alikuwa akitoka nyumbani kabla ya jua. Mkewe Nyokabi alikuwa na mimba ya miezi minane. Miaka sita Zedekiah alinibebea mitungi ya maji, na nikimshukuru anasema, "Hii ni mazoezi tu, Shosho."

Jumapili Jackie akaja, amewaka, akamwita Zedekiah.

"Unashikashika waya yetu ya nini?"

"Madam, mimi huwa nailegeza tu. Juu ya maji..."

"Kulegeza! Umesikia, Mum? Anakiri mwenyewe! Jumamosi nataka nyumba yetu."

Zedekiah akanigeukia. "Shosho, si unanijua?"

Nilimjua. Lakini lile neno "nailegeza" lilikuwa limenichoma. Kumbe ndiye aliyeharibu nilichotengeneza kila siku!

Nikatazama miguu yangu.

Jumamosi walipakia vitu kwenye pikapu, wakahamia Kinoo. Nyokabi alinipungia mkono. Sikujua niupeleke wapi wangu.

Jumatatu, alfajiri, mvua.

Tap.

Zedekiah hayupo. Sasa ni nani?

Nilimpigia Haron, naye akaja asubuhi hiyo hiyo. Akafungua kisanduku, maji yakamwagika. Akatoka nje, akaangalia juu.

"Shosho, nani alikaza tumbo?"

"Tumbo gani?"

"Tumbo ya waya! Waya inaachwa ishuke kidogo kabla iingie kwa ukuta, ndio maji idondokee hapo chini. Ukikaza, maji inafuata waya mpaka ndani. Si nilikuambia?"

Nilikalia kile kile kiti nilichokuwa nikikipanda.

"Lakini kuna mtu alikuwa anakuokoa," Haron akasema. "Cheki."

Pale kwenye tundu palikuwa na kipande cha tyubu ya baiskeli, kimezungushwa na kufungwa kwa uangalifu.

"Hii bado mpya, imefungwa kama juzi tu. Bila hii, maji yote ingeingia, na kisanduku kingekuwa kimeungua."

Juzi ilikuwa Jumamosi. Mtu tuliyemfukuza alinifungia tundu kwanza, ndipo akapanda pikapu.

Jackie alilia kwenye simu. Akataka kuwapigia aombe msamaha. Nikamwambia, "Simu haitoshi." Tukaenda Kinoo sote wawili, tumebeba nduma na kuku mmoja.

Nilisema nikiwa bado mlangoni. "Zedekiah, ni mimi niliyekuwa nikikaza."

Akanikodolea macho. Kisha akacheka hadi akashika ukuta. "Ni wewe? Na mimi nikasema upepo wa Mutuini uko na mikono!"

Jackie akawaomba warudi. Zedekiah akatikisa kichwa polepole. "Hapa tumeshaingia, madam."

Hakusema kwa ubaya. Iliniuma hivyo hivyo.

Wanangu, kamera ilituonyesha mkono. Haikutuonyesha ulikuwa ukifanya nini. Hilo nilipaswa kulijua mimi, niliyebebewa maji miaka sita.

Tulipoaga, Nyokabi alinisindikiza hadi barabarani, mkono kiunoni, tumbo mbele.

"Uje tena, Shosho," akasema. "Nikijifungua, nitataka mtu wa kunifunga leso tumboni. Na kwa kukaza tumbo, sijaona mwingine kama wewe."