Nilimbadilishia mke wangu vidonge vya kifafa

Nifichieni jina, maana wateja wangu wengi wanafuatilia ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, naishi Buhongwa, Mwanza, nina duka la dawa za mifugo. Mke wangu ana ujauzito wa miezi mitano, wa kwanza baada ya miaka sita ya ndoa. Ana kifafa tangu utotoni. Aliniambia kabla sijapeleka barua ya posa kwao, na sikujali. Kwa dawa zake alikuwa amekaa miaka minne bila kuanguka.

Kosa langu ni kujiona najua. Mtaani wananiita daktari, nami naitika. Mtu akitaka kumpa ng'ombe mwenye mimba dawa isiyomfaa, mimi ndiye namkataza. Basi mke wangu aliposhika mimba nikaanza kusoma kwenye simu habari za dawa za kifafa, nikakutana na majaribio ya panya. Panya wenye mimba walipewa dawa hizo, watoto wao wengine wakazaliwa wadogo, wengine walipokua wakawa wazito kujifunza. Sikuangalia hata ilikuwa dawa ipi wala dozi gani. Kwa kazi yangu, habari ya mnyama inaniingia haraka kuliko ya mtu.

Nikamwambia aache. Akanijibu, "Mume wangu, daktari anajua nina mimba. Amesema nisiruke hata siku moja."

Jumapili alipokwenda kwaya nikamwaga vidonge vyake chooni, nikajaza kopo vidonge vyeupe vya kalsiamu. Dawa zake hubadilika sura mara kwa mara, kutegemea kiwanda, kwa hiyo hakushtuka. Siku hiyo nilijiona baba bora.

Siku ya tisa akaanguka akikaanga samaki, mafuta yakamuunguza mkono wa kulia. Majirani walisimama mbali, maana wengi bado wanaamini ukimgusa mtu akitoa povu unaambukizwa. Mama muuza mkaa peke yake ndiye aliyemvuta jikoni. Mtoto yuko salama, namshukuru Mungu.

Hospitali daktari akamuuliza kama aliruka dozi. "Sijaruka hata moja," akasema, "muulize mume wangu." Nami nikasema ni kweli.

Daktari akasema basi dozi ile haitoshi, akaiongeza mara mbili. Nikamuuliza habari za wale panya. Akanieleza kwa upole, "Majaribio hayo ndiyo yanatufanya tuwe waangalifu. Ndiyo maana tulimchagulia mkeo dawa hii, kwa dozi ndogo kabisa. Lakini mama akianguka, na mtoto yuko hatarini." Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Sikusema. Sasa mwanangu anapata mara mbili ya kile nilichokuwa nakikimbia, na chanzo ni uongo wangu.

Mama mkwe alivuka ziwa kutoka Sengerema kuja kumuona. Akaniambia, "Mkwe wangu, wengine wangeshamrudisha kwetu. Wewe umemtunza, Mungu akubariki." Nilitoka nje nikajifanya napokea simu. Ila kilichonimaliza ni maneno ya mke wangu mwenyewe: "Labda mwili wangu ndio mbovu. Nisamehe, nakusumbua." Yaani yeye ndiye ananiomba mimi msamaha. Naona aibu hata kula chakula mbele yake.

Nikimwambia, naogopa atachukua mimba yake na kurudi kwao, na sitakuwa na neno la kumzuia. Nisipomwambia, daktari ataendelea kumtibu kwa uongo.

Mkono wake bado umefungwa bandeji, hivyo mimi ndiye namfungulia kopo la dawa mpya za hospitali asubuhi na jioni. Ananyoosha mkono wa kushoto, anapokea na kumeza bila kuangalia nimeweka nini.

Ndugu zangu, mnitukane mnavyotaka, nastahili. Ila nishaurini nifanye nini, nianze na daktari au nianze na yeye, na neno la kwanza liwe lipi. Msichelewe kunijibu, saa kumi na mbili jioni nafungua kopo tena.