Kiduku cha Mdogo Wangu

Nimechoka. Naanza hivyo kwa sababu katika ukoo wetu mtu akishafanikiwa hapewi nafasi ya kuchoka. Niliondoka Dodoma na begi la kuazima, nikauza mitumba Dar es Salaam, nikajisomesha kwa jasho langu hadi nikapata diploma ya ugavi, kisha nikarudi nikajenga nyumba yenye geti hapa Ipagala. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Ndiyo maana kila neno zito la familia, liwe la ugonjwa au la ndoa, linaletwa kwenye kibaraza changu, na mimi nalibeba.

Neno la mwaka jana lilikuwa kichwa cha mdogo wangu.

Yeye ni fundi wa madirisha ya aluminiamu, na kazi zake nyingi ziko upande wa Chimwaga, kwenye hosteli za wanafunzi. Huko ndiko alikouokota ule mtindo: pembeni kote kweupe, katikati mstari wa nywele umesimama kutoka kwenye paji hadi kisogoni. Wanauita kiduku. Enzi zangu tuliita panki, na wazee waliotutangulia walikuwa na denge lao. Jina hubadilika, hasira ya wazazi ni ileile.

Huko Chimwaga akampata pia mchumba, fundi cherehani, binti wa Kibakwe. Binti alitutumia salamu kwamba kwao wameshasikia habari za nywele za mkwe, na kwamba kule mtindo huo wanauita jogoo. Akaongeza kwamba kuna mtu mwingine mwenye duka na lori, ambaye baba yake humkaribisha hadi ndani.

Nikasema, "Hatuendi kuposa na jogoo kichwani."

"Kaka, binti mwenyewe anazipenda hivi hivi."

"Mwenyewe hatoi jibu. Anayetoa jibu ni baba yake."

"Basi nipunguze kidogo."

"Unatoa zote. Kipara safi. Wakubwa wangu wote wa kazi kule Dar walikuwa na vipara, na hakuna aliyenyimwa mke."

Alicheka, lakini si kwa furaha. Kesho yake kichwa chake kiling'aa kama sufuria mpya. Nikaendesha mwenyewe, gari langu mwenyewe, tukaipita Mpwapwa na kupanda vilima hadi Kibakwe, nyuma tumepakia mashuka na blanketi la mama mkwe.

Wanawake walikuwa wamejipanga uani kutupokea. Kigelegele cha kwanza kilianza, kikakatika katikati. Baba wa binti, mzee mwembamba aliyevaa koti, akaja akaushika mkono wa mdogo wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Poleni sana. Nani ametutoka?"

"Hakuna msiba, mzee," nikasema. "Tumekuja kwa lile neno la kheri."

Alikitazama kile kichwa kwa muda. "Na hiki kimenyolewa kwa ajili ya nani?"

Hapo nikaelewa. Kwetu kichwa kilichokwanguliwa kwa wembe ni cha mtu aliyezika. Alipofariki baba yetu tulinyolewa wanaume wote uani, mdogo wangu akiwa bado wa kubebwa. Na mwenye kichwa hicho hapeleki posa, maana ni kukikaribisha kifo kwenye nyumba ambayo haijajengwa. Dar ilikuwa imenizoesha kwamba kipara ni usafi tu.

Nilisimama nikaeleza, na kueleza najua. Nikataja usafi, nikataja mjini, nikataja na diploma. Bibi wa binti, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, akanikatiza: "Mjukuu wangu, sisi tulijiandaa kumpokea jogoo. Ninyi mmetuletea mfiwa."

Wanawake wakacheka. Mzee hakucheka.

"Rudini nywele zikiota," akasema. "Neno lenu sijalikataa, sijalisikia tu. Lakini wengine wakija, siwezi kuwafungia mlango."

Njiani mdogo wangu alivaa kofia yangu, akaivuta hadi masikioni. Hakunilaumu. Angenilaumu ningepumzika.

Baada ya hapo, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alipita kibarazani na kuinamisha kichwa hata kabla ya salamu. "Kaka, zimefikia wapi?" Nikipapasa, nakuta mchanga. Nywele za kwetu huota kama mtama wa mwaka wa ukame. Binti akapiga simu: mwenye lori ameshafika na mfuko wa sukari. "Baba amepokea, ila jibu hajatoa. Fanyeni haraka."

"Nywele zinafanyiwaje haraka?" mdogo wangu akauliza.

Nywele zilipoanza kushikika vidoleni, nikampeleka kwa kinyozi. Kinyozi akawasha mashine. "Naweka mtindo gani?"

Mdogo wangu akanitazama kwenye kioo. Tangu nirudi, hakuna mtu nyumbani anayekata kitu bila kunitazama kwanza. Nilikuwa nimechoka sana siku ile.

"Kichwa ni chako," nikamwambia.

"Kiduku," akamwambia kinyozi. "Lakini cha adabu."

Kibakwe vigelegele vilitupokea getini, na safari hii havikukatika hadi tulipoketi. Bibi akamwita, akapitisha kiganja kwenye ule mstari mfupi wa nywele, akasema, "Haya. Sasa huyu ndiye tuliyemsikia."

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Nikakohoa, nikasimama. Mzee akanionyesha kigoda kwa mkono.

"Wewe tulishakusikia, mwanangu. Mwache aseme mwenyewe."

Mdogo wangu alisema vibaya, akirudiarudia, jasho likimtoka, na mwisho akasahau hata kutaja jina la ukoo wetu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mkewe na kumwambia, "Mwite binti."

Sikuona binti akiingia. Nilikuwa nimeegemea ukuta wa nyumba ya watu, mchana kweupe, na usingizi umenichukua. Waliniamsha chakula kilipoiva.