Miguu Isiyosikia Moto

Mume wangu alikuwa mtu wa maendeleo. Soko huria lilipofika, alilipokea kama mgeni rasmi. Zamani kreti ya soda ilipatikana kwa kujuana. Sasa soda zilijaa hadi kwenye vibanda vya Kijenge, naye akaona kuzinywa ni wajibu wa kila raia mwema. Asubuhi soda, mchana soda, na tukishafunga duka letu la vipuri, soda ya kupumzikia.

Kisha nyayo zikaanza kufa ganzi. "Ni kama nimevaa soksi," alisema, naye yuko peku. Baadaye zikaja sindano na moto ndani ya miguu, shuka likimgusa tu anashtuka. Washauri hawakukosekana. Dada yake alilaumu sakafu ya saruji. Mzee wa kanisa alilaumu baridi ya mlima Meru. Zahanati mpya ya binafsi kule Sekei, yenye mapazia ya maua na televisheni ya rangi, ililaumu upungufu wa vitamini, ikamdunga sindano za dawa nyekundu.

"Unaona huduma?" aliniambia akitoka, anajishika kalio. "Zamani tungepanga foleni."

Kweli. Hakuna aliyempima hata mkojo, ila foleni haikuwepo.

Akaanza pia kununua viatu vya mtumba vinavyombana, maana vyenye nafasi alidai ni kama hajavaa kitu.

Julai moja ya baridi kali tulikuwa jikoni. Yeye alisoma gazeti, miguu ameinyoosha kwenye jiko la mkaa. Mimi nachambua maharage. Nikasikia harufu.

"Baba, kuna kitu kinaungua."

"Ni maharage yako," alijibu bila kuinua macho.

Maharage yangu yalikuwa kwenye ungo, mapajani, makavu. Nikainama. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimeegemea ukingo wa jiko, ngozi imejikunja. Nikapiga yowe. Yeye aliutazama mguu kama mtu anayeonyeshwa mguu wa jirani.

"Mbona hauumi?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiogopa tangu tuoane.

Tukaenda kupanga foleni hospitali ya serikali. Daktari, binti mdogo kuliko mwanetu wa kwanza, alimwamkia, akamwambia afumbe macho, akawa anamgusagusa nyayo kwa uzi mgumu wa nailoni.

"Ukisikia nimekugusa, sema, mzee."

Mume wangu alisubiri kwa adabu. Daktari akamaliza, akauweka uzi mezani.

"Bado hujaanza?" mume wangu akauliza. Niligeukia dirishani.

Ilikuwa kisukari. Daktari alieleza kwamba sukari ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, tena huanza na ile mirefu inayofika miguuni. Iliyokufa hairudi, kazi ni kuilinda iliyobaki. Kidole hakikupona, kikakatwa.

Tukarudi nyumbani na masharti. Asitembee peku hata chumbani. Maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko. Viatu viwe vipana, avikung'ute kabla ya kuvaa. Nyayo azikague kila siku. Kwa tumbo lile la soko huria hakuweza kuinama, basi nikamwekea kioo sakafuni. Mtu asiyewahi kunisikiliza akawa kila jioni anafanya mkutano na nyayo zake.

Soda aliacha, kwa maelezo yake. Siku moja nilimkuta nyuma ya duka na chupa mkononi.

"Hii ni ya mgeni," alisema.

"Mgeni yuko wapi?"

"Ameondoka."

Niliimwaga mbele yake. Alitazama mguu wenye vidole vinne, akaingia ndani.

Baada ya muda sukari ilishuka. Vidonge vilipunguza ule moto. Ganzi haikwenda popote. Jumapili tulitembea taratibu kwenda kanisani, yeye ameinamisha kichwa, anaangalia kila anapokanyaga. Waumini wakaanza kumsifu kwamba siku hizi amekuwa mnyenyekevu sana. Sikuwasahihisha.