Barafu Anatafuta Pa Kuzamia

Kazini walimwita Barafu, na hakukasirika. Alikuwa fundi wa mitambo ya ubaridi katika ghala la kuku na samaki wa kugandishwa, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na zaidi ya nusu ya kila siku ya kazi alikuwa ndani ya vyumba vyenye nyuzi ishirini chini ya sifuri, kavaa koti kama godoro. Jioni akifika nyumbani vidole vilikuwa vigumu kiasi kwamba mkewe ndiye aliyemfungulia vifungo vya shati.

Kwa hiyo alipotimiza miaka arobaini na sita akatangaza kwamba anataka kujifunza kuzamia baharini, kwenye maji ya uvuguvugu, na kukaa humo mpaka mifupa iyeyuke, mkewe aliacha cherehani akamtazama.

"Wenzako wanazamia meli waende Ulaya," alisema. "Wewe unazamia maji tu, halafu urudi hapa hapa?"

Akacheka mpaka akapoteza sindano. Lakini hakumkataza.

Barafu alisoma wiki nane kwenye bwawa la kuogelea la chuo, pamoja na wanafunzi wa rika la mwanawe. Akazama baharini mara nne na mkufunzi, akapewa cheti kinachomruhusu kwenda chini mita kumi na nane, basi. Likizo ya wiki mbili ikakaribia. Kilichobaki ni kuchagua mahali, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kazi ya kuchagua aliichukua shemeji.

Shemeji huyu, mdogo wa mkewe, aliuza bima. Alikuwa amezamia zaidi ya mara mia, na simu yake ilijaa video za papa. Kila mahali alipopataja alipaita "rahisi tu".

"Shemeji, niachie mimi," alisema. "Wewe lete mwili."

Mahali pa kwanza palikuwa ukuta wa matumbawe unaoshuka wima kwenye buluu. Shemeji alikuwa amesema kweli: pazuri ajabu. Ila ukuta hauna sakafu. Barafu alikuwa amezoea kuona chini, ajue yuko wapi. Hapa alitazama samaki mmoja wa manjano, na alipogeuka kuangalia kina, saa ya mkononi ilisoma mita ishirini na tatu. Kiongozi wa wazamiaji akamkamata mkanda akampandisha kama anavuta mzigo. Mkondo nao ukawasomba wote upande mmoja, naye akapiga miguu kwa hofu kurudi alikotoka, jambo ambalo hata samaki hawakulijaribu. Baada ya dakika kumi na sita mshale wa geji ya hewa ulikuwa kwenye nyekundu. Ikabidi kundi zima lipande naye. Wakaelea juu karibu nusu saa wakiingoja boti, watu sita, kila mmoja akitazama saa yake.

"Umekunywa hewa kama soda!" shemeji alisema kwenye boti, akimpiga begani.

Barafu alicheka pamoja na wengine. Shemeji ni shemeji, hajibiwi mbele za watu. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa kauma meno.

Mahali pa pili palikuwa meli iliyozama. Safari hii Barafu alijifunza kidogo: boti ilipotia nanga, kabla hajafunga mtungi, alimuuliza nahodha sitaha ya meli iko mita ngapi.

"Ishirini na sita," nahodha alijibu. "Ukitaka kuiona pangaboi, thelathini na mbili."

Barafu akamgeukia shemeji. "Cheti changu kinaishia kumi na nane."

"Utaning'inia juu juu, utaiona kwa mbali."

"Na nikishuka bila kujua, kama juzi?"

"Shemeji bwana! Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga."

"Nimeyavulia nguo," Barafu alisema, "lakini sio haya."

Akavua mapezi akakaa. Wenzake wakazama. Boti ikayumba juu ya mawimbi kwa karibu saa nzima, huku moshi wa injini ukimjia usoni. Akatapika chai yote ya asubuhi, kisha akatapika hewa. Waliporudi juu wakawa wanasimuliana juu ya kichwa chake, jinsi kulivyokuwa.

Nyumbani alikaa kwenye kiti cha wateja wa mkewe, kati ya sare za shule ambazo hazijatiwa vifungo, akanung'unika saa nzima. Likizo ilikuwa imebaki siku nne. Mkewe alikata uzi kwa meno.

"Ulimuuliza wapi ni pazuri?"

"Ndiyo."

"Naye akakuambia wapi anapapenda yeye. Mtu akija hapa akaniambia, nishonee gauni zuri, nisipompima, nitamshonea la nani? Akili za kuambiwa, baba, changanya na zako."

Kesho yake akaenda mwenyewe kutafuta. Vituo viwili vya kwanza vilimwonyesha picha za papa. Cha tatu kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la rangi, na kabla hajabisha hodi alisikia kompresa ya kujazia mitungi. Akasimama nje akasikiliza. Ilikuwa inanguruma sawasawa, haikohoi. Alipoingia aliona chujio la hewa limebandikwa karatasi yenye tarehe ya kubadilishwa: wiki iliyopita. Hapo akaketi.

Mwenye kituo, mama wa makamo waliyemwita Mama Mitungi, hakumwonyesha picha yoyote.

"Umezama mara ngapi?"

"Tano."

"Hewa inakuishia dakika ya ngapi?"

"Kama thelathini hivi."

Mama akageuka kutazama mitungi yake. Kompresa ikanguruma.

"Kumi na sita," Barafu alisema.

"Haya. Kuna ghuba. Chini kabisa ni mita saba, kwa hiyo hata ukizama kama jiwe, umezama saba. Hatupandi boti, tunaingia kwa miguu kutoka ufukweni. Mkondo haufiki. Msimu huu maji ni nyuzi ishirini na tisa. Tunaenda asubuhi, maji yakijaa."

Barafu alipenda hiyo ishirini na tisa. "Na huko kuna nini?"

"Mchanga. Majani ya bahari. Na jiwe moja."

"Jiwe?"

"Moja."

Usiku ule ikanyesha. Asubuhi ghuba ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu kijito kilikuwa kimemwaga tope lote humo. Mama Mitungi akakataa. Siku iliyofuata akachovya mkono, akatazama, akakataa tena.

"Mama, mimi likizo inakwisha!" Barafu alipaza sauti, mbele ya watu. "Mmoja ananitupa kwenye shimo, mwingine ananizuia kwenye dimbwi!"

"Usipoona mkono wako, utajifunza nini?" Mama alijibu, akafunga mlango.

Siku ya tatu, ya mwisho ya likizo, maji yalikuwa yamesafika kiasi. Wakaingia wawili tu. Mwanzoni Barafu alivuruga mchanga kwa mapezi mpaka hakuona kitu. Mama akamwonyesha kwa ishara: tulia. Akamtoa kipande kimoja cha uzito mkandani, asizame mno. Akamwacha aelee juu ya majani, asifanye lolote. Pumzi ikashuka yenyewe. Ujoto ukampanda kutoka miguuni. Kwenye lile jiwe pweza alinyoosha mkono mmoja, akavuta kombe, akajifungia nalo mlango. Barafu alimtazama hadi Mama alipomgusa bega. Dakika arobaini na nne zilikuwa zimepita.

Alipotoka majini alikaa kwenye mchanga akiwa na hasira. Mama hakuelewa kwa nini, hata yeye mwenyewe ilimchukua muda. Ilikuwa rahisi hivi! Ghuba ilikuwa hapa wakati wote, mwendo wa nusu saa kutoka kwake, naye kamaliza likizo anatapika juu ya meli ya watu.

Jumapili shemeji alikuja, akafungua simu mezani.

"Likizo ijayo kuna pango, shemeji. Rahisi tu."

"Hapana, shemeji," Barafu alisema.

Mkewe akaacha kumimina chai. Shemeji alimtazama dada yake, kisha akacheka peke yake. "Sasa huko kwenye ghuba uliona nini?"

"Mchanga."

"Mchanga!"

"Nitakwenda kuuona tena."

Jumatatu, wakati wa mapumziko, bado kavaa koti lake, alimpigia simu Mama Mitungi. Nje ya ghuba, alikuwa amesikia, kuna matumbawe ya mita kumi na mbili. Je, Jumamosi inawezekana?

"Kwanza ghuba mara mbili tena," Mama alisema.

"Mbili tena? Mama, lile jiwe nimeshalijua!"

"Basi mara tatu," alisema, na akakata simu.